Usukani Unatetemeka, Hauchezi

Gari lilianza kutetemeka palepale kila asubuhi, mara tu baada ya kuiacha mitaa ya mashimo na kuingia barabara kuu. Mshale wa mwendo ukikaribia themanini, usukani ulianza kuwasha viganja vya Mama Twende, kwanza kwa mbali, halafu kwa nguvu hadi bangili yake ikawa inalia. Nyuma yake watoto wa shule walikuwa wakipangoja mahali hapo kwa hamu. Walivuta pumzi wote pamoja, wakaachama na kusema "aaaa", ili sauti zao zitikiswe na gari. Kwao huo ulikuwa mchezo mtamu kuliko yote ya siku nzima. Yeye mwenyewe hakuwa na hamu ya kucheza. Alikuwa akipunguza mwendo, malori yanampigia honi, na jasho linamtoka kwapani.

Jina hilo la Mama Twende alipewa na haohao watoto, kwa kuwa kila nyumba aliyosimama alitanguliza "twende, twende" kabla ya salamu. Hakulichukia. Mwanamke aliyejifunza kuendesha gari akiwa na mvi mbili tatu anaweza kuitwa mengi mabaya zaidi ya hilo.

Mambo yaliharibikia mezani kwa watu. Mzazi mmoja alimwona mwanawe anajitikisa kidevu kwa mkono huku akisema "a-a-a-a", akamuuliza ana nini. Mtoto akajibu kwamba ndivyo watu wanavyozungumza ndani ya gari la Mama Twende. Mzazi hakucheka. Kesho yake alikwenda kwa Mwalimu Mkuu, na Mwalimu Mkuu, mama mrefu mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, akamngoja Mama Twende getini mbele ya kadamnasi.

Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alizungumza kwa upole, huku akiitikia salamu za wazazi waliopita, akamwambia kwamba shule inamthamini, kwamba gari ni chombo na chombo huchoka, na kwamba yuko mtu mwenye gari jipya zaidi ambaye ameleta maombi. Akufukuzaye hakwambii toka. Mama Twende alisimama na ufunguo mkononi, wazazi wanampita na kumtazama kwa pembe ya jicho, akajiona kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Jumatatu nitapanda mimi mwenyewe, kiti cha mbele," Mwalimu Mkuu alisema mwishoni. "Tupite barabara kuu pamoja. Likiwa limetulia, tunaendelea na kazi. Likitetemeka, mama, utanisamehe."

Kazi hiyo ya kubeba watoto ndiyo iliyokuwa ikiilisha nyumba tangu mumewe aanguke kutoka kwenye ngazi. Cherehani yake peke yake haikutosha kodi, sembuse ada ya binti aliye shule ya bweni. Lakini kuna jambo jingine ambalo hakumwambia mtu, maana lingeonekana la kitoto: alikipenda kile kiti. Alipenda namna dunia inavyokupisha ukiwa nyuma ya usukani. Kukipoteza kwa sababu ya kosa ambalo hata halijulikani liko wapi, hilo hakuwa tayari kulimeza.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Rangi, alikuwa kibarazani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda na gongo liko ubavuni. Alikuwa mpaka rangi wa sifa, mtu ambaye akimaliza ukuta, unaogopa kuuegemea. Sasa ngazi ilikuwa imelazwa nyuma ya nyumba, naye amelazwa mbele. Hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa amezoea kuwatazama watu kutoka juu, na kukaa chini siku nzima kulikuwa kumemwongezea ulimi.

Mkewe alimweleza yote. Kabla hajamaliza, simu ilikuwa sikioni, anamtafuta fundi wa gari.

"Fundi, habari za kazi? Gari letu bwana, usukani unacheza... Ndiyo, unacheza. Unacheza sana."

Mama Twende alitoa kichwa dirishani. "Sikusema unacheza. Nimesema unatetemeka, tena mwendo ukipanda tu."

Mumewe aliweka kiganja juu ya simu. "Si kulekule, mke wangu? Kisichotulia kinacheza. Hebu niache niongee na mwanaume mwenzangu, lugha zao nazijua."

Kumbe hakuzijua. Kwa mtu wa kawaida kitu kinachocheza ni kitu chochote kisichotulia, hata jino. Kwa fundi wa gari, usukani unaocheza ni usukani uliolegea, unaouzungusha kidogo bila magurudumu kugeuka. Yale ni maradhi mawili, na kila moja lina dawa yake. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na fundi alikuwa ameshalishika.

*

Jumamosi walikwenda gereji pamoja. Fundi huyo aliitwa Fundi Nati kwa sababu alikuwa na tabia ya kutia nati mdomoni wakati wa kazi ili zisipotee mchangani, na alizungumza nazo humohumo. Alikuja moja kwa moja upande wa abiria. Aliinama dirishani kwa Fundi Rangi, akampa pole ya mguu, akamuuliza usukani umeanza lini kucheza. Mama Twende alikuwa ameushika huo usukani kwa mikono miwili, umbali wa dhiraa moja kutoka kwenye masikio ya wote wawili.

"Ni mwendo ukifika themanini hivi," akasema. "Chini ya hapo..."

"Sawa mama, tutaona," fundi alijibu bila kumtazama, kisha akamgeukia tena mumewe. "Atakuwa amevamia shimo."

"Amevamia," Fundi Rangi alikubali. "Wiki ile shule ilipotuma mtu kulikagua gari. Mimi nilisikia mshindo nikiwa nyumbani, akaniambia ni kitu kidogo."

Hilo la shimo lilikuwa kweli. Mama Twende alinyamaza, maana shimo lilikuwa lake.

Gari lilinyanyuliwa kwa jeki. Fundi Nati alilishika gurudumu la mbele kwa mikono miwili, akalivuta huku na kulisukuma kule, na kweli likagonga kidogo. Alitema nati kiganjani ili aweze kutabasamu. Tairodi, alisema, zile nondo ndogo zinazoupeleka usukani hadi kwenye magurudumu. Ncha zake zimelegea. Katika gari la umri ule ungeshangaa zaidi zisingelegea, lakini hilo hakulisema. Akabadilisha za pande zote mbili. Fedha iliyolipia ilikuwa ya ada ya binti, iliyokuwa imewekwa ndani ya kasha la cherehani, na Mama Twende aliitoa mwenyewe, noti iliyokunjwa baada ya noti iliyokunjwa. Kisha fundi alilijaribu gari katika kile kichochoro cha gereji, ambako hata ukitaka huwezi kwenda kasi kwa ajili ya mbwa na madimbwi, akarudi akiuzungusha usukani kwa kidole kimoja.

"Hauchezi tena," alisema.

Na ni kweli, haukucheza. Walipoingia barabara kuu mshale ukapanda, bangili ikaanza kulia kama jana. Fundi Rangi aliitazama ile bangili, kisha akaitazama mikono ya mkewe, vidole vimekaza hadi viungo vimekuwa vyeupe.

"Mke wangu," alisema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo na analisikitikia. "Gari limetengenezwa mbele ya macho yangu. Mimi naona kinachotetemeka ni wewe. Unaukaba usukani kama umekamata mwizi. Una woga. Tangu lile shimo umeingiwa na woga."

"Ushike basi."

"Nishike vipi, na mguu huu?"

"Mguu haushiki usukani. Weka mkono hapa."

Hakuuweka. Alitazama nje, upande wa mashamba, akasema kwamba kumnyang'anya dereva usukani barabarani ndiyo ajali zenyewe.

*

Mchana huo Fundi Rangi alimwita mdogo wake. Shemeji alikuja akiwa amevaa miwani ya jua, akalizunguka gari, akapiga matairi mateke mawili matatu kama wafanyavyo watu wasiojua la kufanya na tairi. Akaingia, akalizungusha mtaa kwa mtaa, akawapungia mkono aliowajua. Aliporudi hakuzima hata injini.

"Shemeji, gari halina kitu," alisema. "Ni mkono tu. Usukani unataka mkono wa kiume, mwepesi, usioogopa."

Mama Twende alimuuliza kama amefika barabara kuu. Akasema hakuona sababu ya kumaliza mafuta. Mama Twende akamwambia aende basi, aende na themanini, halafu waongee. Shemeji alicheka na kumtazama kaka yake, na kaka yake akakohoa na kusema kile alichokuwa amekwishakiamua: Jumatatu mdogo wangu ataendesha. Mwalimu Mkuu akishaona gari limetulia mikononi mwa mwanaume, kazi itabaki nyumbani. Yeye Mama Twende angerudi kwenye cherehani, na shemeji angepewa fungu lake kila mwezi. Haya yote yalisemwa kwa wema kabisa, huku wakimwomba chai.

Aliwapa chai. Aliirudisha birika jikoni, akafunga mlango, akasimama pale kwa hasira iliyomfanya ashindwe hata kulia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye ndiye aliyekilalia. Mikono yake ndiyo iliyofika nyumbani kila siku inawasha, na watu wawili ambao hawajawahi kuishika ile themanini walikuwa wanamweleza jinsi anavyojisikia. Na kibaya zaidi, kwa dakika kadhaa alianza kuwaamini. Alinyoosha mikono mbele yake juu ya sinki, akaitazama. Ilikuwa imetulia tuli.

"Haya," alijiambia. "Kumbe si mimi."

Kisha akafikiri kama fundi cherehani, kwa sababu ndicho alichokuwa kwa miaka mingi kabla ya kuwa Mama Twende. Cherehani nayo hutetemeka. Mteja atakuambia nunua mpya, mtengenezaji atakuambia badilisha hiki na kile. Lakini aliyekaa nayo anajua dawa: huondoi kila kitu kwa pamoja. Unaondoa kimoja, unakanyaga. Unarudisha, unaondoa kingine, unakanyaga. Unatoa mkanda, unazungusha gurudumu kwa mkono, unasikiliza. Kelele ikihama, umemkamata mchawi. Sasa kama cherehani inakubali, gari litakataa kwa nini?

*

Jumapili barabara kuu huwa na nafasi. Alikwenda peke yake, asubuhi, bila kuaga kwa maneno mengi. Alipanda hadi themanini, tetemeko likaja. Akagusa breki kidogo, akangoja tetemeko lizidi. Halikuzidi. Basi si breki. Akapanda tena, akaliondoa gari kwenye gia, likawa linaserereka lenyewe, injini imetulia. Tetemeko likabaki vilevile. Basi si injini. Kila jibu alilolipata lilimpa nguvu ya kutafuta linalofuata. Kilichobaki kilikuwa chini yake, kitu kinachozunguka pamoja na mwendo: magurudumu.

Alirudi nyumbani, akalitia gari uani, akatoa jeki, spana na tairi la akiba. Mpango ulikuwa mwepesi kuusema. Magurudumu ya mbele yaende nyuma, ya nyuma yaje mbele. Kama ugonjwa uko kwenye magurudumu, utahama nayo. Kama uko kwenye usukani, utabaki ulipo. Kuufanya ndiyo ilikuwa shughuli. Kwa jeki moja ilibidi kila upande utoe la mbele, uweke la akiba lishike zamu, ushushe, uhamie nyuma, unyanyue, ubadilishe, urudi mbele. Nati zilikuwa zimekazwa na mwanaume. Alipanda juu ya mpini wa spana kwa miguu yote miwili, ameshika paa la gari, akawa anaruka.

Majirani walitokea kwenye kuta kama wanaoanika nguo. Mmoja akauliza kama nyumba hii haina mwanaume. Fundi Rangi alisikia pale kibarazani.

"Unanitia aibu," alisema. "Kwa nini usingoje mdogo wangu aje?"

"Aje afanye nini? Apige teke?"

"Mimi nimekaa hapa kama gunia, wewe unaruka juu ya spana, watu wanatazama."

Mama Twende alishuka kwenye spana, akajifuta uso kwa mkono wa grisi na kujiachia alama. "Mume wangu, aibu yako naiona, na nakupa pole. Lakini mimi jana niliambiwa mwoga ndani ya nyumba yangu, nikanywesha watu chai. Leo niache nijitafutie."

Fundi Rangi aliusogeza mguu juu ya kigoda. Mguu wake ulikuwa unamuuma, au kitu kingine kilikuwa kinamuuma. Alimtazama mkewe akiyaviringisha magurudumu ya mbele kwenda nyuma. Hayo mawili yalikuwa yanang'aa rangi ya fedha, maana aliyapaka yeye mwenyewe hapohapo uani, amekaa kwenye kigoda, wiki ileile shule ilipotuma mtu kuja kulikagua gari. Ya nyuma alishindwa kuyamaliza kwa maumivu. Ilikuwa kazi yake pekee tangu aanguke, na kila mgeni aliyepita aliisifia.

Jua lilikuwa utosini alipomaliza. Akatoka tena, akaingia barabara kuu, akakanyaga. Sabini. Themanini. Usukani ukakaa kimya. Bangili ikakaa kimya. Halafu, kutoka nyuma na chini, tetemeko likaja likampanda makalioni kama mtu anayetikisa kiti chake, na Mama Twende, peke yake garini, akacheka hadi machozi yakamtoka. Lilikuwa limehama. Lilikuwa limefuata magurudumu kama alivyolitega, na hakuna duniani mkono mwoga unaoweza kutetemesha kiti.

*

"Panda," alimwambia mumewe aliporudi. Hakumpa nafasi ya kuuliza.

Kando ya kituo cha mafuta palikuwa na Fundi Upepo, mtu mnene wa matairi, mwenye mashine ya kusawazisha magurudumu ambayo aliifunika kwa shuka kama mgonjwa. Naye alikuja upande wa abiria. Naye aliinama dirishani kwa Fundi Rangi. Mazoea yana taabu.

"Karibu mzee. Nini shida?"

"Usukani huu," Fundi Rangi alianza, "unache..."

"Fundi," Mama Twende alisema. "Dereva ni mimi. Niulize mimi."

Hakupaza sauti. Fundi Upepo alinyanyuka, akazunguka mbele ya gari, akaja upande wake. Akamuuliza ni mwendo gani, akamwambia. Akamuuliza ni wakati wa breki, akamwambia hapana, na si injini pia. Akamuuliza unausikia mikononi au kwenye kiti. Akamwambia asubuhi mikononi, sasa kwenye kiti, kwa sababu ameyahamisha magurudumu. Fundi Upepo aliitazama ile alama ya grisi usoni mwake.

"Mama, umenimalizia kazi," alisema. "Mimi nitafungua nati tu."

Alilitoa gurudumu moja linalong'aa, akalipachika kwenye mashine na kulizungusha. Namba zilipotokea kwenye kioo alipiga mluzi. Akalisimamisha, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa chuma, mzunguko mzima, polepole. Akafanya hivyo kwenye la pili.

"Aliyepaka hizi rangi ni nani?" aliuliza. "Kazi safi. Hata kiwandani hawapaki hivi. Lakini risasi ziko wapi?"

"Risasi zipi?" Mama Twende aliuliza.

Fundi alichota kwenye kopo kipande kidogo cha risasi, kizito, cha kijivu, kisichozidi nusu ya kidole, kina kikucha cha kujishikiza. Akaeleza kwamba hakuna gurudumu lililo sawa pande zote, kuna upande mzito na upande mwepesi. Kipande kama hiki hubanwa ukingoni upande mwepesi, basi gurudumu linatulia. Ukikitoa, mwendo mdogo hujui kitu. Ukikimbia, linaanza kuruka. Magurudumu haya yote mawili yalikuwa navyo, alama zake bado zipo chini ya rangi, na mtu amevibandua kimojakimoja kwa chuma.

Mama Twende alijua papo hapo. Alikumbuka kisu cha lipu kikikwangua uani, na mumewe akipuliza vumbi na kujisifia. Aligeuka kumtazama, naye alikuwa ameshateremka garini, amesimama kwa gongo lake, anakitazama kile kipande kwenye kiganja cha fundi. Mama Twende alikuwa na haki ya kusema neno wakati huo. Alikuwa nalo tayari, limenolewa tangu jana kwenye sinki. Lakini alitaka kuona kwanza kama mumewe atajisemea mwenyewe, na akangoja, na kungoja huko kulikuwa kugumu kuliko ile spana.

"Ni mimi," Fundi Rangi alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi ni mpaka rangi. Rangi haishiki juu ya uchafu, lazima ukwangue kwanza. Niliona vimeganda pale kama kutu, nikavitoa. Nilivitupa jalalani." Akakitazama tena kile kipande. "Nilitaka gari lipendeze shule wanapokuja kulitazama."

Fundi Upepo alitaka kucheka, lakini alipoziona nyuso zao akageukia kazi yake. Alivipima vipande vipya, akavigongelea ukingoni kwa nyundo, na kwa kila pigo rangi ya fedha ilibanduka kidogo na kuacha kovu jeusi. Fundi Rangi alitazama yote bila kufumba macho.

Njiani kurudi mshale ulipanda hadi themanini, ukapita. Hakuna kilichosogea. Walikwenda hivyo kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo haikuwa shimo," mumewe alisema.

"Haikuwa shimo."

"Wala mikono."

"Wala mikono."

Alitaka kuendelea, akashindwa. Mama Twende hakumsaidia. Aliona ameshamsaidia vya kutosha kwa siku moja.

*

Jumatatu shemeji alifika mapema, shati limepigwa pasi na miwani iko kichwani, akaomba ufunguo. Mama Twende alikuwa akijifunga kitambaa mbele ya kioo, akasikia gongo la mumewe likitangulia kwenda mlangoni. Hakutoka. Alisikia minong'ono, kisha sauti ya shemeji ikipanda kuuliza, "Sasa mimi niliyeacha kazi zangu?" na ya mumewe ikijibu kwamba kosa ni lake, la kuharibu na la kumwita, na kwamba amwombe radhi shemeji yake kama yeye alivyoomba jana kabla ya kulala. Hiyo ya jana haikuwa imetokea. Mama Twende alitabasamu kwenye kioo akasema moyoni, basi itakuja, deni la maneno halina riba.

Shemeji aliomba radhi kwa kifupi, akapewa lifti hadi kituoni, nyuma, kati ya mikoba ya watoto.

Mwalimu Mkuu alikuwa tayari barabarani, kwenye kona ya nyumba yake. Alipanda mbele, akavaa miwani, akafunga mkanda na kuweka mkono mmoja kwenye kishikizo cha juu ya dirisha. Wakaingia barabara kuu. Mshale ukapanda. Watoto nyuma walivuta pumzi, wakaachama, wakatoa sauti zao, na sauti zikatoka zimenyooka kama za kwaya. Wakatazamana kwa kinyongo. Mmoja akasema kwa huzuni ya kweli kwamba gari limeharibika.

Mwalimu Mkuu aliutoa mkono kwenye kishikizo, akauweka mapajani.

"Ongeza kidogo," alisema. Mama Twende akaongeza.

"Jana jioni nilipiga simu kwenu," Mwalimu Mkuu aliendelea baada ya muda. "Ulikuwa unaoga. Nilimpata mzee. Nikamuuliza, gari lilikuwa na nini, na limepona? Huwa ananieleza mambo ya gari hili kwa urefu sana, unamjua. Jana akaniambia, mwalimu, mimi sijui, hilo umuulize dereva. Nikamwambia basi nieleze kidogo tu. Akakataa katakata." Alimgeukia. "Kwa hiyo nakuuliza wewe, mama. Lilikuwa na nini?"

Mama Twende hakulijua hilo la simu. Alitazama kioo cha pembeni kana kwamba kuna lori linakuja. Siku zote hizo alikuwa na la kusema, na siku zote hizo hapakuwa na mtu wa kumwambia.

"Kwanza, mwalimu," alisema, "usukani unaotetemeka si usukani unaocheza."

Akaanza kumweleza tangu mwanzo, breki, gia, jeki, mbele kwenda nyuma, na walipofika shule na watoto wakateremka wote, Mwalimu Mkuu alikuwa bado ameketi garini, anauliza, na yeye alikuwa bado hajamaliza.